Bia ya Nyumbani Isiyo na Gesi: Tafuta Sababu Kabla ya Kuongeza Sukari

Chupa ya bia iliyoiva sawasawa hutoa mlio mfupi kizibo kinapolegezwa, na ukungu mwembamba huonekana shingoni kwa nukta moja au mbili. Kizibo kikitoka kimya, na bia ikamiminika ndani ya glasi kama chai iliyopoa, mtengenezaji hushikwa na haraka ya kufungua chupa zote na kutia sukari nyingine katika kila moja. Namsihi kila anayetengeneza bia nyumbani hapa Mwanza, na katika miji mingine ya kando ya Ziwa Viktoria, asubiri kwanza. Kila sababu ya ukosefu wa gesi ina dalili zake, na tiba ya sababu moja huweza kuwa hatari pale penye sababu nyingine.

Gesi ya chupani hupatikana hivi. Bia ikishamaliza kuchachuka ndani ya ndoo huongezwa sukari kidogo iliyopimwa, kisha hutiwa katika chupa na kufungwa. Hamira inayoelea bado ndani ya bia huila sukari hiyo na kutoa kileo kidogo pamoja na kaboni dioksidi, ambayo ikikosa pa kutokea huyeyuka ndani ya bia yenyewe. Kwa hiyo maswali ni manne: je, chupa zimepata joto na muda wa kutosha, je, vizibo vinashika, je, sukari ilitosha na kuchanganyika, na je, hamira ilikuwa hai? Wanaopika rubisi, ile pombe ya ndizi, kule Kagera, au wanzuki, ile pombe ya asali, hawasumbuliwi na maswali haya, kwa kuwa pombe zao hunywewa zingali zinachachuka na gesi hujiendea hewani. Bia ya chupa imefungiwa. Chupa yenye gesi ya kawaida, ikikaa mahali penye nyuzi joto 25, hubeba ndani yake mgandamizo unaokaribia ule wa tairi la gari dogo. Anayeongeza sukari bila kujua sababu huukuza mgandamizo huo bila kujua utaishia wapi, na chupa inayopasuka hurusha vipande vya kioo chumba kizima.

Hatua ya kwanza: poza chupa tatu, kisha uzifungue

Chagua chupa moja kati ya zile zilizojazwa mwanzo, moja ya katikati na moja ya mwisho. Mimi huandika namba juu ya kila kizibo kwa kalamu ya wino usiofutika wakati wa kujaza. Ni kazi ya dakika tano, na imeniokoa mara nyingi. Zisimamishe chupa hizo ndani ya friji kwa siku nzima, na ikiwezekana kwa siku mbili. Kaboni dioksidi huyeyuka vizuri zaidi katika kimiminika baridi. Bia ya vuguvugu hufumka povu jingi kwa ghafla, gesi ikatoka yote kwa pamoja, na baada ya muda mfupi kinywani hakubaki kitu. Wengi wameihukumu bia yao kuwa haina gesi kumbe waliifungua ikiwa imekaa kwenye friji kwa saa moja tu. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Mimina bia katika glasi iliyosuuzwa kwa maji mengi matupu, uiinue kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa utulivu. Kama vipovu vidogo vinapanda mfululizo kutoka chini, na bia inachoma ulimi kidogo, basi gesi ipo. Kilichokosekana ni povu la juu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Povu hushikiliwa na protini za kimea pamoja na uchungu wa hopsi, na huuawa na mafuta. Glasi iliyooshwa katika beseni moja na sahani za sato wa kukaanga hubaki na utando wa mafuta usioonekana kwa macho, na midomo iliyotoka kumla sato huyo hufanya kazi ileile. Ukiona vipovu vimenata kwenye kuta za ndani za glasi, badala ya kupanda juu, jua kwamba glasi si safi. Ioshe upya, ujaribu tena kwa bia ya chupa hiyohiyo, kabla hujailaumu hamira.

Hatua ya pili: linganisha chupa, kisha upime

Hapa ndipo sababu inapojitokeza, na ningependa msomaji akae hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Ikiwa chupa zote tatu hazina gesi kwa kiwango kimoja, tatizo ni la bia nzima: joto, muda, hamira, au sukari iliyopimwa pungufu. Ikiwa za mwanzo zina gesi nyingi na za mwisho hazina, sukari haikuchanganyika. Shira, yaani sukari iliyoyeyushwa katika maji, ni nzito kuliko bia, hivyo hukaa chini ya ndoo, na ndoo yenye bomba la chini huitoa kwanza. Ikiwa hakuna mpangilio wowote, chupa ya tano ni nzuri, ya sita imelala, yaani haina gesi, ya saba ni nzuri tena, basi kagua vizibo kabla ya kitu kingine.

Kwa chupa zilizolala zote sawa, chombo kinachomaliza ubishi ni hidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji. Chukua bia ya chupa moja, imimine kutoka glasi hadi glasi mara nyingi mpaka gesi yoyote iliyomo itoke, iache ifikie joto la chumba, kisha upime. Linganisha na kipimo ulichoandika siku ya kujaza chupa, kabla ya kuongeza sukari. Gramu 7 za sukari katika lita moja huinua kipimo kwa karibu alama 3, yaani kutoka 1.010 hadi karibu 1.013. Basi, ikiwa siku ya kujaza bia ilisoma 1.010 na leo inasoma 1.013, sukari ingali humo na hamira haijaigusa. Ikiwa inasoma 1.010 au chini kidogo, sukari imekwisha kuliwa: ama ilikuwa ndogo tangu mwanzo, ama gesi yake imetoroka kupitia kizibo. Kipimo hiki kimoja hugawanya sababu zote katika mafungu mawili, na ndiyo maana ninasisitiza kipimo cha siku ya kujaza kiandikwe daftarini. Asiye na hidromita aangalie kitako cha chupa dhidi ya mwanga: pakiwa na utando mpya mweupe wa hamira, kazi imefanyika, pakiwa pasafi kabisa, yaelekea haijaanza.

Hatua ya tatu: sukari ingali humo — angalia joto na muda

Tunaoishi karibu na Ikweta hudhani kwamba baridi si tatizo letu. Lakini Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi joto 17. Sakafu ya saruji katika chumba kisichopata jua hukaa na ubaridi huo hadi mchana. Mwaka mmoja nilifunga chupa 36 katikati ya Juni, nikazipanga chini ya ngazi, upande wa nyumba unaoegemea jabali. Baada ya siku 18 nilizikuta na gesi hafifu mno, ingawa uani jua lilikuwa likichoma. Kipimajoto nilichokilaza katikati ya kreti kilisoma 18 alfajiri na 20 saa nane mchana. Sikutia kitu chochote. Nilizipindua taratibu mojamoja mpaka mashapo ya kitako yakainuka kama moshi ndani ya bia, nikazihamishia juu ya kabati la chumbani, ambako joto lilikuwa kati ya 24 na 26, nikazifunika kwa blanketi kuukuu. Siku ya kumi na moja nilipoifungua ya kwanza, ilitoa mlio ule niliokuwa nikiutafuta.

Kwa bia ya kawaida, yenye kileo cha asilimia 4 hadi 6, weka chupa kwenye nyuzi joto 22 hadi 26 kwa wiki mbili hadi tatu kamili. Bia kali, yenye asilimia 8 na kuendelea, huhitaji wiki nne hadi sita, pengine na zaidi, kwa sababu kileo chenyewe huichosha hamira. Usiziweke chini ya bati lisilo na dari: joto linalopita nyuzi 35 huidhoofisha hamira, huharibu ladha, na hupandisha mgandamizo ndani ya chupa. Usiziweke juani pia, kwani mwanga hugeuza viini vya hopsi kuwa harufu mbaya, hasa katika chupa za kijani au nyeupe. Na usizitie kwenye friji kabla hazijapata gesi, kwa sababu hamira nyingi hulala katika baridi hiyo.

Hatua ya nne: sukari ingali humo, na joto lilitosha — pima uhai wa hamira

Hamira hufa au hupungukiwa kwa njia chache zinazojulikana. Shira iliyomiminwa ikiwa bado inafuka moshi huunguza hamira inayoigusa. Dawa ya klorini iliyotumika kusafishia chupa, ikiachwa kwa wingi bila kusuuzwa, huiua, na pia huacha ladha kama ya hospitali. Bia iliyokaa kwenye ndoo miezi kadhaa huwa imezamisha karibu hamira yake yote.

Kuthibitisha ni rahisi. Fungua chupa mbili, utie punje chache za hamira kavu ya bia katika moja, uiache nyingine kama ilivyo, uzifunge zote kwa vizibo vipya na kuziweka mahali pamoja penye joto kwa siku saba. Ile yenye hamira ikipata gesi na mwenzake ikabaki imelala, umepata jibu. Hamira ya mikate hutoa gesi vilevile, lakini haitulii vizuri chini na huacha ladha ya unga. Ningeitumia kwa jaribio hili tu.

Hatua ya tano: sukari imekwisha — kagua vizibo

Chupa za kahawia za nusu lita ambazo bia nyingi za Tanzania huuzwa ndani yake hufungwa kwa vizibo vya bati vya milimita 26, na ni chupa nzuri kwa kazi hii mradi mdomo wake haujamegeka. Pitisha kidole kuzunguka mdomo wa kila chupa, kwa upole: kibanzi kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga hutosha kupitisha gesi ya wiki tatu. Kizibo kilichokwisha kutumika hakishiki tena, hata kama kinaonekana kimenyooka, kwa kuwa utando wake wa ndani umekwisha kubonyea. Chupa za uzi, zile za kizibo cha kuzungusha, hazibaniki vizuri kwa mashine ya mkono.

Shika kizibo kwa vidole vitatu ujaribu kukizungusha, kikizunguka, hakikubanwa. Kisha izamishe chupa iliyo na joto la chumba ndani ya beseni la maji, uiache dakika kumi, na utazame ukingo wa kizibo. Uzi wa vipovu vidogo ukipanda kutoka mahali pamoja, gesi inatorokea hapo. Mara moja niliuziwa mfuko wa vizibo ambavyo utando wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka, nikapoteza nusu ya chupa zangu. Tangu hapo hukagua utando huo kwa ukucha kabla ya kulipa.

Hatua ya sita: vizibo ni vizima — rudia hesabu ya sukari

Hesabu hii inastahili uangalifu, kwa sababu vipimo vingi tunavyovisoma vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Bia ya kawaida hulenga karibu lita 2.4 za gesi zilizoyeyuka katika kila lita ya bia. Gramu 4 za sukari ya mezani katika lita moja ya bia huzaa takriban lita moja ya gesi. Lakini bia iliyomaliza kuchachuka huwa tayari ina gesi yake, na kiasi chake hutegemea joto la juu kabisa ililolifikia: bia ya laga iliyochachukia kwenye nyuzi joto 10 hubaki na karibu lita 1.2, ilhali iliyofikia nyuzi joto 25 hubaki na karibu 0.75. Kwetu, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sababu ya mwinuko, hubaki na kama 0.65 tu.

Sasa tazama kinachotokea. Gramu 5 za sukari kwa lita hutoa lita 1.25 za gesi. Juu ya 1.2 iliyokuwapo, mtengenezaji wa bia ya baridi anapata 2.45, na ameridhika. Mwenzake wa Nyegezi au Igoma hapa Mwanza, akifuata kipimo hichohicho kwa uaminifu, anapata 1.9, na bia yake imelala. Kwetu kinachohitajika ni gramu 6.5 hadi 7 kwa lita, yaani takriban gramu 3.5 kwa chupa ya nusu lita.

Pima bia iliyopo, usipime ukubwa wa ndoo. Ndoo ya lita 20, ukiyaacha mashapo yake, huweza kutoa lita 18 tu, ambazo kwa gramu 7 kila lita zitahitaji gramu 126. Tumia mzani mdogo wa kidijitali, kwa sababu kijiko kilichofurika na kilichosawazishwa hutofautiana sana. Sukari ya dukani yenye rangi ya kahawia haina shida, lakini sukari guru na asali zina maji ndani yake, hivyo gramu zake hazilingani na za sukari ya mezani. Chemsha sukari katika maji mililita 300 kwa dakika chache, iache ipoe, uimimine katika ndoo safi isiyo na kitu, kisha uihamishie bia juu yake kwa mpira ambao ncha yake imezama chini, ili bia izunguke bila kurukaruka. Koroga polepole kwa mwiko wa chuma uliochemshwa. Ukikoroga kwa nguvu utaingiza hewa, na bia itaanza kunuka kama boksi lililolowa.

Hatua ya saba: tiba

Kabla ya kutibu, hakikisha kwamba bia ilikuwa imemaliza kuchachuka siku ilipofungwa, yaani hidromita ilisoma namba ileile kwa siku tatu mfululizo. Kama huna hakika, usiongeze sukari hata kidogo. Na kama baadhi ya chupa zinafumka na kuchuruzika huku zikinuka ukali, hiyo ni bia iliyoingiliwa na vimelea: ipoze yote, uifungulie nje, uimwage.

Kwa upungufu wa joto, tiba ni joto, kuinua mashapo, na wiki mbili nyingine. Kwa hamira iliyokufa, loweka gramu moja ya hamira kavu ya bia katika mililita 50 za maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi karibu nyuzi joto 30, subiri dakika ishirini, kisha utie mililita moja katika kila chupa kwa bomba la sindano safi lisilo na sindano, ukitikisa mchanganyiko kila mara kwa sababu hamira huzama upesi.

Kwa sukari pungufu, chemsha gramu 50 za sukari na maji upate shira ya mililita 100. Kila mililita 2 za shira hiyo zina gramu moja ya sukari, na katika chupa ya nusu lita gramu hiyo huongeza karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Aliyetumia gramu 5 kwa lita, kama katika mfano wa juu, ataongeza mililita 2 kwa chupa, basi. Jumla ya sukari, ya zamani na mpya, isizidi gramu 4 katika chupa ya nusu lita. Kama gesi ilitorokea kwenye vizibo, chukulia kwamba sehemu yake ingali humo, na uanze na mililita 2 kwanza. Kama sukari haikuchanganyika, usitibu zote kwa pamoja: zile zenye gesi nyingi zipeleke kwenye friji na kuzinywa mapema, na shira uitie katika zile za mwisho peke yake.

Poza chupa vizuri kabla ya kuzifungua kwa tiba yoyote. Usitie sukari kavu, kwa kuwa punje zake huifanya gesi iliyopo ifumke na kumwaga bia mezani. Shira iliyopoa hutulia. Fungua, tia, funga kwa kizibo kipya papo hapo, chupa moja baada ya nyingine. Kamwe usizimimine zote tena ndani ya ndoo. Chupa za mvinyo na za pombe kali hazikutengenezwa kubeba mgandamizo, zisitumike. Zilizotibiwa zipange ndani ya kreti, uzifunike kwa gunia zito, uziweke mbali na watoto, na unapozigusa vaa miwani ya kazi na glovu nene.

Ongeza pia chupa moja ya plastiki ya soda, iliyojazwa bia hiyohiyo na kutibiwa kwa kipimo hichohicho. Chagua ya soda, kwa kuwa za maji ya kunywa ni nyembamba mno. Ibonyeze kwa dole gumba kila asubuhi. Siku za kwanza itabonyea kama chupa ya maji. Itakapokuwa ngumu kama soda mpya iliyotoka dukani, poza chupa moja ya kioo kwa siku mbili, uifungue, na ikiwa sawa uhamishie zilizobaki mahali pa baridi.